Nilimpa Rafiki Daftari Langu, Akaondoka na Ndoto Yangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana likitoka hapa wasichana wa Kimisagara wataandamana. Mimi ndiye mwenye sauti tamu kuliko zote Kigali. Sijisifu, natoa taarifa tu. Nikiimba bafuni, jirani anazima redio yake anisikilize. Kuna mama alikuwa amemnunia mumewe miezi mitatu. Alisikia kibwagizo changu dirishani, siku hiyohiyo akampakulia chakula. Nina miaka ishirini na mbili. Shule tuliachana kwa amani nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, na naishi na mama yangu, fundi cherehani wa soko la Kimironko. Nilimwahidi mbele ya wateja wake kwamba mwaka huu hautaisha kabla sijaingia kwenye muziki. Sasa wateja wanauliza kila siku, na yeye anainamia cherehani.

Aliyenifikisha hapa ni rafiki yangu, nitamwita Fiston. Alikuja kutoka Bujumbura tukiwa wadogo, tukakua ua mmoja. Mpole, hana sauti, hana mbwembwe, hata mkanda wa suruali nilikuwa namwazima mimi.

Mwaka jana nilipata wazo ambalo hata waliosoma hawajalifikiria. Mtu mkubwa ukimwomba kazi, anakukimbia. Ukimwomba akusimulie kazi yake, anakuvutia kiti. Basi nikasema tuzunguke kwa watu wa muziki, tuwaulize wanafanya nini na walianzaje, ili nijue niingilie mlango upi. Mimi niulize, Fiston aandike kwenye daftari langu, kwa sababu mwandiko wangu ni nyayo za kuku baada ya mvua. Tukaanza na mtangazaji wa redio, tukamvizia getini. Tukaenda kwa meneja wa msanii mmoja, akatupa nusu saa na soda. Wote walinipenda, nawaambia!

Aliyebaki alikuwa fundi wa sauti, mzee mmoja anayeishi juu ya mlima wa Rebero, yule ambaye bila yeye hakuna tamasha. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Wiki tatu. Hapo ndipo akili yangu ikawaka: umuganda! Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila nyumba inatoka kufanya kazi za mtaa, maduka yamefungwa, magari yamesimama, mkubwa hana pa kukimbilia na ana jembe mkononi. Fiston ana shangazi Rebero. Tukalala kwake Ijumaa, asubuhi tukatoka na majembe ya shangazi kama wenyeji.

Tukamkuta mzee mtaroni, anazibua matope. Nikasimama juu yake, nikauliza, "Mzee wangu, ulianzaje?"

"Kukunja nyaya," akasema bila kuinua kichwa. "Miaka miwili. Unazikunja, unazibeba, unazipanga."

Mimi nikaona anakwepa swali, nikamweleza habari za sauti yangu, nikaegemea jembe nikamwimbia kidogo. Fiston akachomeka daftari kiunoni, akaingia mtaroni, akachimba.

"Wewe mwimbaji," mzee akaniita, "hilo jembe ni maiki?"

Mtaro mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, mimi siyo mtu wa kununa.

Baada ya siku ile Fiston akaanza kupotea. Nikimpigia, "Niko bize, sha, nitakwambia." Miezi miwili, mtu tuliyegawana kitanda! Halafu juzi kukawa na tamasha la mchana. Niko nje kwenye foleni, jua linanichoma, naona ndani kijana wa fulana nyeusi, vifaa vya masikioni vimening'inia shingoni, anaelekeza watu wazima wapi waweke spika. Fiston! Nikapiga kelele hadi akaja kwenye uzio.

"Umeniuza, mwana."

"Sijakuuza. Ngoja, maiki ya pili inakoroma."

"Wazo lilikuwa langu!"

"Yego, kweli lilikuwa lako," akasema, akarudi ndani. Hakugeuka. Jamani, nimewahi kuachwa na wasichana wanne, lakini sijawahi kusikia kifua kinauma vile.

Kesho yake alipita sokoni, akamwachia mama lile daftari. Nikalifungua nitafute alichoniibia. Nusu ya kurasa ni maneno yangu mwenyewe, aliyaandika yote, hata habari za bafuni. Kwenye "Ulianzaje?" mtangazaji alijibu: kuwachemshia chai watu wa studio. Meneja: kubeba viatu vya msanii. Mzee: nyaya. Nilikuwepo mara zote tatu, naapa mengine nilikuwa nayasoma kwa mara ya kwanza.

Leo asubuhi kanitumia ujumbe: "Mzee anataka mtu mmoja wa nyaya. Jumanne saa moja asubuhi. Utakuwa chini yangu lakini sitakusumbua." Chini yake! Niliyekuwa namwazima mkanda! Sijajibu. Ndugu zangu mnaosoma, mniambie kabla ya Jumanne: nimeze aibu nikakunje nyaya za msaliti, au nibaki na sauti yangu? Wenye matusi wapange foleni.

Ila kabla hamjamtukana Fiston, kuna mahali niliruka. Siku ile mtaroni, tulipokuwa tunafuta majembe, mzee alisema, "Mdomo wako mrefu, lakini umepanda mlima kuja kuuliza. Jumanne, saa moja, njoo tukufundishe kukunja nyaya." Alikuwa ananitazama mimi. Nikacheka mbele ya watu wote, nikamsukuma Fiston mgongoni: "Mchukue huyu, nyaya ndiyo saizi yake." Tukiwa tunashuka Rebero aliniuliza mara tatu kama kweli siendi. Mara ya tatu nilimwambia asinitajie tena nyaya maishani.