Rangi ya Viatu kwenye Gari la Harusi

Kwanza niseme kwamba nilikuwa na roho mbaya. Watu wakiandika habari za ujana wao hupenda kusema kwamba hawakujua walichokuwa wakifanya. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa serikali, nimepanga nyumba mtaa wa Buruburu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nilikuwa na gari.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, dogo, jeupe, kuukuu. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa mwalimu aliyeliegesha juani miaka yote aliyokuwa nalo. Injini ilikuwa nzima na bodi haikuwa na kutu ya kutisha. Aibu yake ilikuwa ile plastiki ya nje: bampa la mbele na la nyuma, mikanda iliyopita ubavuni kwenye milango, na vishikio. Vyote vilitoka kiwandani vikiwa vyeusi tititi, sasa vilikuwa vimepauka kama magoti ya mtoto aliyesahauliwa kupakwa mafuta.

Jirani yangu wa mlango wa pili hakunipa nafasi ya kusahau. "Jirani, si uipake hiyo gari mafuta kidogo?" aliniambia kila Jumamosi nikiliosha. "Imepauka mpaka sisi ndio tunaona haya."

Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani na kumlaani yeye na watoto wake.

Mambo yalikuwa mazito zaidi mwaka huo kwa sababu dada yangu, tuliyezaliwa naye wawili tu, alikuwa anaolewa. Aliposwa na kijana kutoka familia ya Wakikuyu wenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kwenye Jogoo Road, watu wa magari matatu na makoti ya kushonesha. Sisi ni Wakamba. Mama yetu alikuwa amekufa, na baba yetu alikuwa mchongaji. Aliishi Kaloleni, chumba kimoja, na kila siku alikwenda kukaa chini ya mabati karibu na soko la Gikomba pamoja na wachongaji wenzake, akitengeneza vinyago vya twiga na vifaru vya kuuzwa kwa watalii. Ofisini nilikuwa nimesema baba yangu anashughulika na samani. Kwa hiyo iliamuliwa, na aliyeamua ni mimi, kwamba bibi harusi atatokea nyumbani kwangu Buruburu na ataletwa kanisani na gari langu.

Jambo moja sikuliamua. Nilitaka dada yangu aingizwe kanisani na baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekuwa mwalimu mkuu huko Machakos na aliyejua kusimama mbele ya watu. Nilimweleza dada yangu sababu zangu vizuri kabisa. Nikamwambia kucha za baba zilikuwa nyeusi kama za fundi wa magari, na kwamba picha zile zitakaa ukutani kwa wakwe miaka yote.

Dada yangu alikuwa anapasi blauzi. Hakuinua kichwa. "Nitaingia na Baba," akasema. "Au siingii."

Baba aliambiwa na dada yangu. Jumapili iliyofuata alikuja Buruburu, akalizunguka gari mara mbili, akachuchumaa mbele ya bampa na kulipapasa kwa kidole gumba, kama alivyopapasa mti kabla ya kuukata. "Hili nitalifanya mimi," akasema. "Hili ni la kwangu."

Ili mnielewe, lazima nieleze kazi ya baba ilivyokuwa. Mpingo halisi ulikuwa adimu na ghali. Wachongaji wengi walichonga mti mweupe, mjakaranda mara nyingi, kisha wakaupaka rangi nyeusi ya viatu na kuuza kama mpingo. Watalii nao si wajinga. Walikuwa wameambiana, na kila mmoja alikuja na leso yake nyeupe, anailamba pembeni na kusugua mgongo wa kifaru. Leso ikichafuka, biashara imekufa. Baba alikuwa na sifa pale mabatini kwamba kazi yake haijawahi kuchafua leso ya mtu. Ni udanganyifu, najua. Lakini alidanganya kwa bidii kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote ya kweli.

Alikuja Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya harusi, amebeba jiko la makaa begani na pasi ya makaa mkononi, akapita nayo kati ya nyumba za watu wenye stima na pasi za umeme. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya maandalizi. Nilikaa ndani nyuma ya pazia nikiona haya, huku majirani wakitoka na viti.

Kwanza aliosha plastiki yote kwa sabuni na mswaki wa zamani, akaipangusa kwa mafuta ya taa, akaiacha ikauke. Kisha akajaza pasi makaa na kuipitisha juu ya bampa bila kugusa, upana wa kidole tu, polepole, huku na huku. Na weusi ukapanda. Sijui niseme vipi. Ile rangi ya majivu ilirudi ndani na weusi wa zamani ukatoka nje, inchi kwa inchi, nyuma ya mkono wake. Hata jirani yangu alisogeza kiti karibu.

Ijumaa alirudi na rangi ya viatu. Alipaka kiasi cha ncha ya kidole tu, kwenye plastiki aliyoipasha joto tena kwa pasi, akasugua kwa kitambaa, akabadilisha kitambaa, akasugua tena. Alisugua tangu saa sita hadi saa kumi. Mwisho alitoa leso yake nyeupe mfukoni, akailowesha kwa mate, akaipitisha kwenye mkanda wa mlango wa nyuma, ule ambao dada yangu angetokea. Akanionyesha. Leso ilikuwa safi.

"Usiongeze kitu," akaniambia. "Imetosha hapo."

"Haing'ai," nikasema.

"Mpingo haung'ai. Wewe unataka ing'ae kama nini?"

Nilitaka ing'ae kama magari ya wakwe, hilo tu. Nikamwambia kwamba kesho gari litakuwa limejaa, bibi harusi na wasimamizi wake, kwa hiyo yeye aende kanisani Makadara kwa njia yake. Akasema si mbali, atatembea. Aliondoka na jiko lake begani. Dada yangu, aliyelala Kaloleni usiku ule akaja kwangu alfajiri, aliniambia baadaye kwamba baba alikaa akisugua mikono kwa ndimu na mchanga, kucha moja moja, na kwamba asubuhi mikono yake ilikuwa misafi kuliko alivyowahi kuiona maishani.

Jumamosi saa mbili asubuhi, wanawake wakimvisha dada yangu chumbani, nilitoka nje kuliangalia gari. Lilikuwa zuri. Leo naweza kusema hivyo. Plastiki ilikuwa nyeusi, tulivu, kama mpya. Lakini jirani yangu alipita na kusema, "Ah, sasa imebaki ing'ae tu," na hilo lilinitosha. Nilichukua kopo la rangi ya viatu alilokuwa amelisahau baba, nikachanganya na mafuta ya injini ili ilainike, nikapaka bampa na mikanda, nene, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Sikusugua. Kusugua kungeondoa mng'ao. Gari liling'aa hata ungeweza kujiona uso. Nilinawa mikono kwa petroli, nikavaa suti.

Tulifika kanisani saa tatu na nusu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wakwe walikuwa wamejipanga nje, na baba alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango, koti limempwaya, mikono imening'inia mbele yake kama vitu vipya asivyojua pa kuviweka. Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia dada yangu mlango. Alipojipinda kutoka na kupita kando ya mlango, gauni lake likasuguana na mkanda wake.

Doa lilikuwa nyongani, upana wa kiganja. Msimamizi mmoja akapiga kelele. Mwingine akajaribu kulifuta na likawa la viganja viwili. Mama mkwe alikuja, akatazama, akasema kitu kwa Kikikuyu kwa mwanamke aliyekuwa naye, na wote wawili wakaligeukia gari langu.

Baba alikuwa amefika mbio. Hakulitazama gauni. Aliinama kwenye mlango, akapitisha kiganja chake kwenye mkanda kutoka mwanzo hadi mwisho, akakinusa. Mafuta ya injini hayafichiki. Aliinua macho akanitazama, na nilijua kwamba amejua.

Hapo ningeweza kusema. Ni maneno mawili tu: ni mimi. Badala yake nilimshika mkono kwenye kifundo, nikauinua ule mkono aliokuwa ameusugua usiku kucha, sasa mweusi wote, nikawaonyesha watu.

"Tazameni!" nikapaza sauti. "Tazameni mikono hii! Nilimwambia aniachie gari langu. Nilimwambia haya mambo ya kupaka vinyago si ya gari. Baba, na hivyo ndivyo unataka kumshika bibi harusi?"

Mtu mmoja upande wa wakwe akacheka kidogo. Nilifurahi alipocheka. Siwezi kuandika haya na kuliacha hilo nje.

"Niache nikanawe," baba akasema taratibu.

"Nenda kanawe," nikasema.

Bomba la kanisani lilikuwa kavu. Nilijua ni kavu kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa ametoka kulalamika hapo hapo. Nilimwona baba akilifungua, akalifunga, kisha akavuka barabara kuelekea kwenye vibanda kutafuta maji, mkono mmoja ameuweka mbali na koti lake.

Wanawake waligeuza shela ya dada yangu ikafunika doa. Halikuonekana tena. Mchungaji akatoka akasema kuna harusi nyingine saa tano, tuingie. Dada yangu akasema anamngoja baba. Kinanda kilikuwa kimeshaanza. Baba mkwe alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi, si dada yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa upande wetu pale.

Nikamshika dada yangu kiwiko. "Baba amesema uingie na baba mdogo," nikamwambia.

"Amesema lini?"

"Sasa hivi, kabla hajavuka. Amesema anaona haya, hataki kukuaibisha mbele za watu. Amesema uendelee tu."

Aliondoa kiwiko chake mkononi mwangu. Kisha macho yake yakahamia barabarani, ambako hakukuwa na mtu wa kwetu, na nikaona kitu kikifungwa usoni mwake. Baba mdogo alikuwa tayari, amenyoosha mkono. Wakaingia.

Baba aliingia wakati wa mahubiri. Akakaa benchi la mwisho, karibu na wale waliokuja kungojea harusi ya saa tano. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta ya taa na sijui nini kingine, ilikuwa myekundu, na kwenye kifundo ngozi ilikuwa imechubuka. Ilikuwa misafi tena. Aliiweka juu ya magoti, viganja juu.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa Kaloleni. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa baba, soda mkononi, dada yangu alipomjia.

"Baba, kwa nini ulisema niingie na baba mdogo?"

Alishangaa. Niliona ameshangaa. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama dirishani kuona kama mvua inanyesha.

"Niliona nitawachelewesha," akamwambia.

"Lakini nilikuwa nakungoja."

"Najua, mama. Niliona haya tu."

Dada yangu akaitikia kwa kichwa, akarudi mezani kwa wakwe. Mimi nikamaliza soda.

Baba aliishi miaka sita baada ya hapo. Hakuwahi kunitajia jambo hilo, na sikuwahi kumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukiri. Dada yangu alimtembelea kila sikukuu, akamletea sukari na majani ya chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaondoka mapema. Baba alikuwa akimsindikiza mpaka stendi na kurudi peke yake.

Siku ya mazishi ya baba, huko Machakos, dada yangu alisimama akazungumza juu yake. Akasema alikuwa mtu mwema na mwenye subira, na kwamba amemsamehe kila kitu, hata ile siku alipomwacha mlangoni mwa kanisa. Watu wakaguna kwa huruma. Alikuwa akilia, na alihitaji mtu wa kumshikilia asianguke, na aliyemshikilia ni mimi.