Manyunyu ya Kiangazi

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kusoma maji yaliyomo ndani ya chupa. Nikisema hivyo inasikika kazi ndogo, ndiyo maana huwa sisemi hivyo. Kwa wageni najitambulisha kuwa mtaalamu wa hali ya hewa, kisha nakaa kimya na kuangalia juu kama mtu ambaye mawingu yanamsubiri ayape ruhusa. Ukweli ni kwamba kila asubuhi saa tatu kamili natoka nyumbani, natembea hatua thelathini na nane hadi kituoni, nafungua kipimamvua, namimina kilichomo kwenye bilauri yenye mistari, nainama mpaka jicho liwe sawa na maji, nasoma milimita, naandika daftarini. Kisha hatua thelathini na nane za kurudi kwenye chai.

Kituo chenyewe ni kiwanja kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba ya serikali tunayoishi, kimezungushiwa wavu wa chuma na kina lango lenye kufuli. Kipimamvua ni silinda ya shaba, mdomo wake upana wa kisahani cha chai, nusu yake imefukiwa ardhini. Kanuni zinasema ndani ya uzio kusiwe na kitu kingine ila nyasi fupi. Lakini mtaa wetu una mbuzi waliokwisha kula hadi kamba za kuanikia nguo, na uzio wa serikali ndio pekee uliowashinda. Tulipohamia tu, mama watoto aliniuliza kama anaweza kupanda matuta matatu ya mboga mle ndani. Nilitafakari kisomi. Nyasi ni fupi, mboga nazo ni fupi, tofauti iko wapi? Nikamchongea ufunguo wake. Mkaguzi akija, na alikuja kila baada ya miaka mitatu, mboga ziling'olewa siku moja kabla, tukala majani mpaka tukachoka.

Kituo changu kilikuwa na sifa yake. Vituo vingine vyote vya ukanda huu, mvua zikikatika mwezi wa tano, huandika sifuri mpaka mwezi wa kumi. Mimi niliandika sifuri nukta nane, moja nukta mbili, sifuri nukta sita, siku nne au tano kila wiki. Manyunyu ya usiku, mepesi, hata kwenye bati huyasikii. Nikifika saa tatu nakuta matuta ya mboga yameloa chepechepe. Nikirudi namwambia mama watoto, "Una bahati wewe, mvua imekumwagilia bustani." Naye anacheka, ananijibu, "Haya, Bwana Mvua." Miaka yote hiyo nilidhani anafurahia bahati yake. Yeye alidhani namtania.

Umeshaelewa? Hongera. Mimi kuelewa kulihitaji mashine, fundi, na binti mmoja mwenye shahada mbili.

Mashine ililetwa na gari la makao makuu mwanzoni mwa mwaka huu, mwaka mmoja kabla ya mimi kustaafu. Ni nguzo yenye kioo cha kunasa jua, na juu yake kopo lenye kijiko ndani. Kijiko kikijaa matone kinapinduka chenyewe, na kila kikipinduka hesabu inapelekwa makao makuu kwa mtandao wa simu. Fundi aliisimika nje ya uzio, hatua sitini kutoka kwenye kipimamvua changu, mahali pa wazi.

"Mzee wangu, hii haihitaji mtu," aliniambia akifuta mikono. Alipoona uso wangu akaongeza haraka, "Lakini kwa sasa mtapima pamoja mwaka mzima, tulinganishe."

"Tulinganishe," nikasema. "Tutaona nani mwalimu na nani mwanafunzi."

Msimu wa mvua ulinivunja moyo, maana mashine ilipata namba zile zile ninazopata mimi. Kisha mvua zikakatika, nami nikafufuka. Mashine ikaandika sifuri, mimi nikaandika sifuri nukta nane. Kesho yake mashine sifuri, mimi moja nukta moja. Niliandika barua makao makuu kuwaarifu kwa masikitiko makubwa kwamba chombo chao cha gharama hakioni. Masikitiko yenyewe niliyaandika huku napiga mluzi. Fundi akaja, akalifungua kopo, akamimina maji yaliyopimwa, kijiko kikapinduka sawasawa, akaondoka. Nikaandika barua ya pili, akaja tena.

Safari yake ya tatu ilikutana na ujio wa binti mtafiti kutoka chuo kikuu. Huyu alikuwa ametumia miaka minne kusoma madaftari ya vituo vyote, na katika madaftari hayo aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: manyunyu ya kiangazi yanayonyesha sehemu moja tu, kwangu. Alikuwa na ramani. Alikuwa na maelezo ya jinsi upepo unavyopanda mteremko usiku na kupoa. Alikwisha kuandika makala kuhusu jambo hilo kwenye jarida, na Alhamisi ya wiki iliyofuata alitakiwa asimame mbele ya maprofesa autetee utafiti wake, wamtunuku udaktari. Alikuja tu kuyaona manyunyu kwa macho yake kabla ya siku hiyo.

Akachukua upande wangu moja kwa moja. "Mashine haiwezi kunasa manyunyu mepesi namna hii," alimwambia fundi. "Mzee anaweza." Nilitamani kumwandikia urithi papo hapo.

Fundi alijikuna kidevu. "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Hakuna mtu anayemwaga maji huku?"

Nilipandwa na hasira. Mimi, mwenye ufunguo! Niliapa mbele yao wote wawili kwamba kesho yake nitakilinda kituo tangu alfajiri, tumtie adabu mhujumu, kama yupo.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya tangi la maji, rungu magotini. Mama watoto sikumwona kitandani, lakini hilo halikunishtua kwa kuwa sijawahi kumwona kitandani saa hizo. Huwa saa hizo mimi mwenyewe nimelala. Kulipoanza kupambazuka lango likalia. Akaingia mtu mwenye ndoo na bakuli, amevaa koti langu la zamani la kazi. Akawa anachota na kurusha, anachota na kurusha, kwa mkono mpana wa mtu aliyeizoea kazi yake, huku anaimba taratibu. Maji yalipanda, yakatawanyika vizuri kabisa, na sehemu yake ikaingia kwenye kipimamvua cha serikali. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakunionya kwamba nguo yenyewe itakuwa koti langu.

Aliniona wakati anafunga lango. "Baba watoto! Umeamkaje mapema hivi, unaumwa?"

"Kichwa tu," nikasema.

Saa tatu mtafiti alikuwepo, daftari mkononi. Nikamimina, nikainama. Sifuri nukta tisa. Alipiga makofi. "Na usiku nimetoka mara mbili sikusikia tone! Ni mepesi kupita nilivyofikiri." Akaandika. Mimi nikamwambia sikuona mhujumu yeyote, jambo ambalo ukilipima kwa mizani ya wakili halikuwa uongo.

Kwa siku mbili nilipiga hesabu. Nikisema, binti anapoteza miaka minne na Alhamisi yake, nami nastaafu nikiwa kichekesho cha idara. Nisiposema, anakuwa daktari wa ndoo ya mke wangu, na siku moja wataalamu wa kilimo watawaambia watu wapande mbegu kiangazi. Njia ya tatu ilionekana tamu zaidi: nimwombe mama watoto aache kumwagilia. Manyunyu yatoweke yenyewe, lawama ziangukie mabadiliko ya tabianchi. Dunia nzima inayalalamikia, nani angeuliza? Nilijiona mjanja sana. Nilikuwa mwoga tu, na nilijua.

Siku ya pili jioni mtafiti alikuja sebuleni kutuaga. Mama watoto alikuwa anakunja nguo. Binti akafungua kitabu chake kizito, ukurasa wa shukrani, akasoma kwa sauti: "Shukrani za pekee kwa msomaji wa kituo hiki, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amepima kwa uaminifu usio na doa manyunyu ya kiangazi ambayo wengine wote hawakuyaona."

Mama watoto akainua kichwa. "Manyunyu gani hayo? Mimi natoka nje kila alfajiri, mbona sijawahi kuloa?"

"Mzee, hebu mweleze mama," binti akasema akitabasamu.

Ilibaki nikohoe tu, niseme. Maneno nilikuwa nayo tayari, kwamba yanakatika kabla hajaamka. Lakini binti alikuwa ameshashika kalamu. Chochote ambacho ningesema angekiandika, na angekiamini, kwa kuwa nimekisema mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuionja.

"Manyunyu ni huyu," nikasema, nikamwonyesha mke wangu kwa kidole.

Nilieleza yote, matuta, mbuzi, ufunguo, bakuli, na asubuhi ile ya nyuma ya tangi. Mama watoto alinitazama mdomo wazi. "Lakini mimi nilijua unayatoa maji yangu kwenye hesabu! Si wewe mtaalamu?"

Binti alikifunga kitabu. "Siku mbili ulijua," akasema. "Ukaniacha niandike sifuri nukta tisa." Kisha akasema, "Miaka minne, mzee," akaondoka bila kumaliza chai yake.

Kesho yake saa tatu hakuonekana. Alikuja adhuhuri, macho yamevimba, amebeba boksi la nakala za madaftari yangu. Alikwisha kumpigia simu profesa wake. Alhamisi imefutwa, makala itaondolewa jaridani, na mwaka mmoja angalau umekwenda na maji. Kilichobaki ni kuokoa kinachookoleka: kama angejua ni lini hasa bustani ilimwagiliwa, angeweza kuyatenga maji ya ndoo na mvua ya Mungu. Nikamkaribishia kiti, nikavaa miwani.

"Sikuja kwako," akasema. "Nimekuja kwa mama."

Wakakaa mezani wao wawili. Mimi nilipewa cheo kipya cha kuchemsha chai. Mama watoto hana daftari, lakini alikumbuka kuliko mimi niliyeandika. "Hapo nilikuwa nimejifungua, aliyemwagilia ni wifi yangu," akasema, na kweli namba zilikuwa zimeshuka mpaka sifuri nukta mbili. "Wifi ana mkono wa kubana, hamwagi nje." Mwaka mwingine bomba lilipasuka. Mwaka mwingine alijaribu kupanda karibu na lango, akaona jua kali, akarudi. Binti alitia alama, na polepole uso wake ukaanza kulegea. Mara moja walicheka pamoja, nami nikacheka kutoka jikoni ili nisiachwe nyuma.

Wakafika mwaka mmoja, binti akasimamisha kalamu. "Hapa mbona sifuri tupu? Kiangazi kizima, miezi mitano."

Huo niliukumbuka! Nilitoka na birika mkononi. "Huo ulikuwa mwaka wa ukame mkali," nikasema. "Manyunyu yalikosekana kabisa. Niliandika ripoti ya kurasa tatu, makao makuu wakanipongeza kwa barua."

Mama watoto alikuwa anaipanga mikunjo ya kitambaa cha meza.

"Mwaka huo nilisusa," akamwambia binti. "Nikasema kiangazi hicho siingii mle bustanini mpaka aniulize mbona mezani hakuna mboga."

"Akauliza?"

"Alinunua kabichi."

Nilizikumbuka zile kabichi. Nilikumbuka pia jinsi nilivyosimama sokoni nikiwafafanulia wauza mboga kuhusu kukosekana kwa manyunyu, na walivyonisikiliza kwa heshima. Nikaweka birika chini.

"Nisamehe, mama watoto."

"Nikusamehe lipi?"

Sikulijua. Nililipekua kichwani lile daftari la mwaka mzima, na siku zote mia moja na hamsini na zaidi zilikuwa sifuri.

"Uliza kwanza," akasema.

Basi nikamuuliza, mbele ya mgeni, kwa nini mwaka ule alisusa. Alinieleza bila ukali wowote, na hilo ndilo liliniumiza. Ilikuwa barua ya chuo cha ukunga. Aliomba nafasi kimyakimya, akaipata, akaniletea barua nikiwa nasahihisha jedwali la mwezi. Nami, bila hata kuinua macho, nilimwambia aiweke juu ya kabati, tutaizungumza mvua zikikatika.

Mvua za mwaka huo zilikatika tarehe kumi na tisa, mwezi wa tano. Imo daftarini, kwa mwandiko wangu.