Swala Hana Zizi

Fimbo ya kwanza ilikatikia mgongoni mwa Senteu. Mwalimu Melkizedek akaagiza nyingine.

Kosa lake? Neno moja tu. Zizi.

Ilikuwa Karatu, mwaka 1960. Mwalimu alitunga kihadithi, akakiandika ubaoni, akataka darasa zima likihakiki.

"Hoja bila ushahidi ni umbea," alisema. "Ukidai kitu, nionyeshe mstari."

Kihadithi chenyewe: swala walihama bondeni kwa hiari yao, wakaacha watoto zizini, simba akabaki kulinda majani.

Wenzake wakaandika sukari tupu. Simba mlinzi mwema, swala watiifu. Alama za bwerere.

Senteu, ambaye watu wa kwao walitolewa bondeni na serikali ya mkoloni mwaka mmoja nyuma, akaandika hivi:

"Swala hana zizi. Mwenye zizi ni mfugaji, basi hawa ni watu. Na mama hahami kwa hiari akamwacha mtoto. Hawakuhama, walihamishwa. Mtunzi kamficha aliyewahamisha."

"Futa!" Fimbo ikashuka. "Futa, la sivyo mtihani utausikia kwa wenzako!"

"Mstari nimeuonyesha, Mwalimu."

Kofi. Damu ikamchuruzika sikioni.

"Mchunga ndama wewe, unifundishe mimi fasihi?"

"Zizi umeliandika wewe, Mwalimu."

Fimbo ikapanda tena. Haikushuka.

Mlangoni alisimama Nosim, mama yake Senteu, kamletea mwanawe maziwa.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Siku ile tulipotolewa bondeni, mzungu alifoka kwa lugha yake, wewe ukatutafsiria: 'Tokeni, moto unakuja.' Nikakushika miguu, nikakwambia ndama wamo zizini. Ukanijibu nini, hadi wakateketea?"

Mwalimu akageukia ubao.

"Sema, wanafunzi wako wasikie!"

Fimbo ikamdondoka. Nosim akaiokota, akamchapa nayo mdomoni, mdomo uleule uliotafsiri. Meno yakamwagika juu ya meza.

Mnadhani haki ilitendeka? Thubutu!

Senteu alifukuzwa shule siku hiyohiyo. Mtihani hakuufanya kamwe.

Mwalimu alirudi darasani na uso umevimba. Akashika kifutio, akafuta "zizini", akaandika "vichakani". Darasa likainama, likanakili.

Sasa nyie mnaosoma, mkiambiwa watu fulani "walihama", msipige makofi. Kisomeni tena kihadithi mnachopewa, neno kwa neno. Anayeficha moto husahau zizi.