Baraka ya Mzee Haikuwa kwa Kadi

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano ya msaada mpaka meno yakasahau nyama, halafu mvua ikaja, ngamia wakazaa, tukaanza kunywa maziwa na kuozesha wasichana. Huo ndio mwaka niliaibika mbele ya Isiolo nzima, na afadhali mkisikia kwangu kuliko kwa majirani, maana wao wanaongezea.

Harusi ilikuwa ya Talaso, mjukuu wangu, ambaye mimi na marehemu mzee wangu tulimlea tangu akitambaa. Kwetu msichana hatoki nyumbani kabla babu hajambariki, na mzee alipoona ugonjwa hautamwacha afike siku hiyo, aliniambia nishike simu, akambariki humo ndani, polepole, pamoja na kikohozi chake. Talaso alisema wazi, "Akko, nikikosa sauti ya babu sitoki." (Akko ni nyanya kwa Kiborana.)

Sasa, shule mimi niliiona kwa nje tu, lakini kwa mambo ya simu nilijiona profesa. Baadaye nilinunua memori kadi sokoni, kitu kidogo kama kucha, na muuzaji akaniambia kila kitu kitaingia humo, nami nikaamini. Kwa hivyo kijana wangu aliponiletea simu mpya wiki ya harusi, nikatoa kadi kwa ile ya zamani, nikaifunga kwa pindo la leso, na simu yenyewe nikamtumia dada yangu Kabale huko Merti, ambaye mguu ulimzuia kuja. Nikamwambia hiyo ni ganda tu.

Siku yenyewe sheikh akamaliza yake, nikasimama, kadi imeingia simu mpya, simu imeunganishwa na spika, nikawaambia wanaume wazima, "Nyamazeni, mzee anaongea." Nikabonyeza kitu cha kwanza nilichoona (majina ningesomaje?) na kumbe ni video niliyojichukua jikoni bila kujua. Sauti yangu ikajaa uwanja: "Huyu mama ya bwana harusi alikuja kuona msichana ama kuhesabu mbavu za mbuzi? Amekula mpaka mfupa ukaomba msamaha."

Na mama mwenyewe, Mama Hassan, ameketi hapo, goti lake linagusa langu. Nikabonyeza nizime, sauti ikapanda.

Mama Hassan akapangusa mdomo. "Mbavu zilikuwa tamu, dada. Ulininyima chumvi tu."

Watu wakacheka mpaka wazee wakashika bakora wasianguke, lakini Talaso hakucheka. Akafunua shela. "Akko, babu yuko wapi?"

Nikatafuta juu chini. Picha za mbuzi, picha za kidole changu, mzee hakuna.

"Ulimrekodi kabla ya kununua kadi?"

"Kabla."

"Basi hakuingia kwa kadi. Simu iko na memori yake ya ndani. Kadi ni mzigo juu ya punda, Akko, unaufungua unampakia punda mwingine. Lakini alichokula punda kiko tumboni. Wewe umebaki na mzigo, punda umempeleka Merti."

Tukampigia Kabale. "Ile simu? Imejaa," akasema. "Msichana wa jirani ameishika hapa, anataka kunifutia yote."

"Kabale, mwambie aondoe kidole."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna bwana yangu."

Akaweka ile simu karibu na yake, sisi tukaweka yetu kwa maikrofoni. Mbuzi wa Merti wakalia kwanza, kisha kikohozi, kisha mzee: "Talaso, nenda na amani, moto wako usizimike, ng'ombe wako wasikauke." Kila neno watu wakaitikia amin, na Mama Hassan kwa sauti kuliko wote. Talaso alilia, akainuka, akatoka.

Simu ilirudi wiki iliyofuata kwa pikapu, nami siku hizi kabla ya kunyamazisha watu nasikiliza kwanza peke yangu, nikiwa nimefunga mlango. Fundi mmoja alinishauri, "Mama, nikuhamishie kwa kadi, ni dakika moja." Nikamwambia: "Mzee hahami. Amekaa ndani, atakaa ndani."

Jana Talaso alikuja, tumbo limeanza kuonekana, na kadi mpya kwa pakiti. Akanishika mkono. "Akko, simu inazeeka. Nikutolee nakala ya sauti tu, mtoto wangu naye amsikie." Nampenda Talaso kuliko macho yangu, na najua anasema kweli.

"Mzee hahami. Amekaa ndani, atakaa ndani."