Mfuko wa Redio ya Baba

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na kosa lake lilikuwa la kifundi: alishona mfuko wa redio kabla ya kuinunua redio yenyewe. Turubai la kijani, mikanda miwili ya begani, kijifuko cha betri ubavuni.

"Baba watoto," mama alimwambia, "unamshonea suruali mtoto ambaye hajazaliwa."

"Atazaliwa na kiuno hikihiki," baba akajibu, pini mdomoni.

Alikuwa na leseni ya redio ya kupiga gumzo hewani kwa miaka ishirini. Redio yake ya zamani ilipoungua, alihofia kitu kimoja tu: kumpoteza muuguzi mstaafu wa mji wa mbali, tuliyemwita Nesi, aliyezungumza naye kila Jumamosi ingawa hawakuwahi kuonana. Tatizo, jirani yetu alikuwa mchomeleaji vyuma. Akiwasha mashine, redio ya nyumbani ilijaa mikwaruzo, ikabidi baba apande kilima nyuma ya shule. Kwa hiyo alitaka redio moja, ya mezani na ya mlimani, yenye masafa ya kumfikia Nesi na ya kuwafikia wenzake wa mjini.

Nilimsindikiza dukani. Muuzaji akatutolea dubwana lenye kioo kipana na taa. Macho ya baba yakang'aa kama ya bwana harusi. Akavua futi shingoni, akalipima. Halikuingia mfukoni.

"Mzee, watu hununua redio, halafu mfuko."

"Hao watu wana magoti mapya," baba akasema. "Hili utanibebea wewe?"

Akalitazama tena, akashusha pumzi, akaomba ile ndogo. Nguvu yake haikuwa kubwa, lakini masafa yote yalikuwemo. Ikaingia mfukoni, ikabaki nafasi ya kidole.

"Umeona kiuno?" akaninong'oneza.

Aliipandisha na kuishusha miaka sita, hadi Mungu alipompumzisha mwaka huu. Wakati huo nami nilikuwa nimepata leseni. Jumamosi ya tatu baada ya mazishi nilibeba mfuko, nikafunga waya wa antena mtini, nikasali kidogo, nikamwita Nesi. Nikampa habari.

Nesi, ambaye baba alikuwa amemsimulia habari za mfuko, akajibu: "Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Mwanangu, mfuko unakutosha?"

"Mikanda ni mirefu, mama. Baba alikuwa mrefu."

"Usiikate. Utanenepa tu."

Nikacheka peke yangu kilimani, machozi yakinitoka, tukaagana hadi Jumamosi.