Patrick yuko kazini

Patrick wangu ameanza kazi leo!!

Habari zenu, ndugu zangu. Nimemtangazia kila mtu kwenye lifti, hata wasiojua Kiswahili. Aliyesema mwanangu hataweza ajitokeze hapa chini kwenye maoni!

Tangu ile ajali ya kiwandani, mkono wake wa kulia haushiki kisu. Akaogopa kwamba akifanya kazi, serikali itamnyima msaada wa ulemavu. Mama mmoja wa ofisi ya msaada huo akamtuliza: anza siku chache, tuambie tu unachopata, msaada hautakatika wote.

Sasa sikieni vituko vyangu.

Mchana nimepakua ugali na sombe, yale majani ya muhogo, nikamkatia nyama vipande vidogo kama kawaida.

"Patrick! Chakula!"

Nikagonga chumbani kwake, hayumo.

Nikampigia simu, nimekasirika kabisa. Akanong'ona, "Mama, niko kazini."

Jamani! Neno hilo nimelingoja miaka.

"Sema tena."

"Mama, watu wananiangalia!"

"Sema tena, baba."

Akacheka, akasema.

Nyama yake nimeila mimi, nimesimama dirishani, natazama kituo cha basi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Njooni mnijazie. Wote, hapa kwangu Lawrence Heights, Jumapili baada ya ibada.