"Hapana" Iko Wapi?

Fundi simu wa mtaani kwetu amefuga ukucha wa kidole gumba kwa kazi moja tu, kubandulia vioo, na kila skrubu ikitoka hushusha pumzi kama mtu aliyetukanwa. Leo simu ya shangazi yangu iliwaka na betri mpya, papo hapo ikaomba ruhusa ya kujua kila anakokwenda. Fundi akasoma kwa sauti: "'Kubali' au 'Baadaye'. Sasa 'Hapana' iko wapi? Simu ya mama wa watu, jibu la kampuni!" Akamgeukia. "Mama, niwafute wote hawa wa kampuni, nikuwekee mfumo mwingine wa simu usiokuchungulia?" Shangazi akaogopa picha za wajukuu zisije zikafutika nazo. "Hapana, baba." Fundi akamrudishia simu kwa mikono miwili. "Umeona? Mimi unaweza kunikatalia."